Albamu zako tano za ujana, zile ambazo wimbo ukiisha kichwa kinaanza chenyewe unaofuata

Mwana_wa_Soweto (Mbeya)

Wakuu habari za jumapili. Jana nilikuwa kwa mama Ilomba namsaidia kutoa vitu stoo maana anataka kubadili mabati kabla mvua hazijachanganya, chini kabisa ya magunia ya mahindi nikakuta katoni ya sabuni imejaa kanda. Kanda za kaseti jamani, zangu na za marehemu braza, hamsini na kitu, panya wameshakula kava nusu yake lakini kanda zenyewe zipo. Nikakaa pale pale kwenye vumbi la pumba naanza kuzisoma moja moja, mwandiko wa braza kwenye zile karatasi, mpaka mama ananiita mara ya tatu chakula kimepoa.

Sasa naomba kila mtu ataje albamu zake tano za ujana ila kuna sharti. Sitaki nyimbo kali, nyimbo kali kila mtu anazo kwenye simu. Nataka albamu ile ambayo wimbo mmoja ukiisha, kile kimya cha sekunde mbili tatu, kichwa chako kinaanza chenyewe kuimba unaofuata kabla haujaingia. Kama haikufanyii hivyo basi hiyo ulisikia nyimbo zake tu, albamu hujaisikiliza. Enzi zile kuruka wimbo ilikuwa shughuli, ukipeleka mbele unamaliza betri alafu unapitiliza, kwahiyo tulisikiliza mpaka ule usioupenda na mara nyingi ndio huo huo unakuja kuupenda baadae.

Za kwangu:

1. Machozi, Jasho na Damu, Profesa Jay, 2001. Hapa sibishani na mtu. Kanda ilikuwa inatoka Dar inakuja na basi, Mbeya tunaipata wiki kadhaa watu wa Dar wameshaimba mpaka wamechoka, kwahiyo wimbo tunausikia redioni tunasubiri kanda kama watu wanaosubiri mgeni stendi. Mimi na braza tulibeba viazi mviringo debe mbili kutoka shambani kwa babu Isyonje tukauza Mwanjelwa barabarani ndio tukapata hela. Tukaenda nayo saluni ya kunyolea pale mtaani kwetu maana ndio kulikuwa na spika kubwa. Ilipofika Ndio Mzee, yule mwanasiasa anamwaga ahadi na watu wanaitikia, basi mtaa mzima ukawa unaitikia, kinyozi kasimamisha mashine, aliyekuwa ananyolewa yuko nusu kichwa na yeye anaitikia. Na yule aliyeimba ule wimbo akaja kuingia bungeni kweli mwaka 2015, mbunge wa Mikumi.

2. Niite Mr II, ya Mr II mwenyewe, huyu Sugu wetu, 1998. Wimbo wa Hali Halisi ndio ulinifundisha kwamba mtu anaweza kusema maisha ya nyumbani kwetu kwenye biti na yakawa mazito vile vile. Sisi wa Mbeya Sugu tunajua tulimfanyia nini 2010, tulimpa ubunge wa mjini, na wengi waliosimama foleni ile ya kupiga kura walikuwa wamemjulia kwenye kanda.

3. Mkuki Moyoni, Afande Sele wa Morogoro, 2002.

4. Ugali, Juma Nature, 2003.

5. Hapa nimekwama kati ya Mapinduzi Halisi ya Profesa Jay na Funga Kazi ya Hard Blasters, kundi lake la mwanzo. Nisaidieni.

Na jambo lingine naomba msaada wa kweli. Ile Machozi Jasho na Damu niliyoikuta imekatika mkanda, imekatika kabisa ncha moja imeingia ndani. Kuna mtu hapa Mbeya bado anaunga kanda? Na nani ana deki inayofanya kazi?

---

Binti_Kihesa (Iringa)

Kamwene kaka. Mada nzuri sana imenigusa ila nina neno na wewe, umetaja albamu tano na hakuna hata sauti moja ya mwanamke, ina maana nyie wanaume wa Mbeya mlikua bila dada zenu kuwasha redio?

Namba moja kwangu ni Mapenzi Yangu ya Ray C, 2003, na siitaji kwasababu Rehema ni mtoto wa Iringa kama mimi, ingawa hilo nalo linanipa raha nisikufiche. Naitaja kwasababu ndio inapita mtihani wako kuliko zote. Tulikuwa bweni, shule siitaji, huku kwetu nyanda za juu mwezi wa sita na wa saba baridi inakata masikio, na redio zilikuwa haziruhusiwi. Rafiki yangu alikuwa na kiredio kaseti kidogo kinatumia betri mbili. Tunalala watu watatu kitanda kimoja tumejifunika mablanketi matatu, kiredio katikati, sauti ndogo mpaka unaweka sikio. Betri zikichoka tunazianika mchana juu ya jiwe nyuma ya mabafu, zikipata jua zinarudi kidogo, usiku tunapata upande mmoja wa kanda, tena kwa shida.

Sasa wenye umri wetu mnajua betri ikichoka kanda inavutwa polepole, sauti inashuka inakuwa nzito. Mimi albamu ile niliijua hivyo. Upande A unaanza vizuri, ukifika wimbo wa tatu wa nne Ray C ameshaanza kuwa mzito, anaimba kama mtu anayeelekea kusinzia na sisi tunasinzia nae. Mpaka leo nikimsikia redioni kwenye kasi yake halisi naona anaimba haraka, nataka kumwambia dada subiri kwanza, mbona unakimbia. Wimbo wenyewe kichwani kwangu ni ule wa betri zilizokwisha.

Namba mbili Binti ya Lady Jaydee, 2003 hiyo hiyo. Namba tatu Machozi ya huyo huyo Jaydee, hiyo ya kwake ya kwanza. Mwanamke kuwa na albamu yake mwenyewe, jina lake peke yake kwenye kava, sio yule anayeitwa kuimba kiitikio cha wanaume kisha picha yake haipo, wakati ule kwetu wasichana ilikuwa kubwa sana. Nilikuwa nakata picha yake gazetini nabandika ndani ya sanduku la chuma.

Namba nne na mimi nakupa Machozi Jasho na Damu, hapo hujakosea. Ya tano naiacha wazi nikumbuke vizuri.

---

Chalii_Uyole

Ugali namba moja mpaka kesho. Biti za P Funk pale Bongo Records zilikuwa zinapigwa hadi kioo cha haisi kinatetemeka, kila gari ya Uyole Mjini ilikuwa inapiga Nature, unapanda gari moja unashuka unaingia nyingine wimbo unaendelea. Ya pili Machozi Jasho na Damu, Chemsha Bongo ile ya Jay haijapata mpinzani. Ya tatu Mapinduzi Halisi kwasababu ya Zali la Mentali, Jay na Nature mle ndani nani atasema nini.

---

Binti_Kihesa (Iringa)

@Chalii_Uyole mdogo wangu Chemsha Bongo haimo kwenye Machozi Jasho na Damu. Ile ni ya Hard Blasters, iko Funga Kazi ya mwaka 2000, kabla Jay hajatoa ya peke yake. Kanda uliyokuwa nayo wewe lazima ilikuwa ya kurekodia, yule kijana wa kibandani alikuchanganyia.

---

Chalii_Uyole

Dada umenikamata, ni kweli ilikuwa ya kurekodia, TDK ya dakika tisini. Sasa nimeelewa kwanini nikisikia Chemsha Bongo imeisha kichwa kinaniletea Bongo Dar es Salaam. Kwahiyo @Mwana_wa_Soweto jibu lako la namba tano ni Funga Kazi, maana Mapinduzi Halisi isingekuwepo bila hiyo.

---

Mzee_wa_Tunduma

Nawasalimu vijana wangu. Nimewasoma wote, mimi ni mkubwa kwenu kidogo, kanda zangu ni za gari.

Nilianza utingo mwaka 1991, malori ya Dar kwenda Lusaka, nikaja kuwa dereva baadae. Kwenye gari lile kulikuwa na kanda tatu tu na ya kwanza ilikuwa Prisoner ya Lucky Dube, ile ya 1989. Kutoka Makambako kuja Mbeya, ukishapita Igawa unaiona milima kule mbele, dereva wangu Mungu amrehemu alikuwa anaiweka. Kiingereza hatukuwa nacho mimi wala yeye. Tuliimba yote. Maneno tuliyatengeneza wenyewe kwa jinsi yanavyosikika, na nilipokuja kuelezwa maana na kijana mmoja wa chuo, kwamba huyu mtu anaimba habari ya gereza na vita na watu wa kwao kuteswa, niliona kama nilikuwa nimeshajua. Sauti ilikuwa imeshaniambia.

Mtihani wako mwanangu nimeufaulu kwa Dube. Hata kanda ikigeuka upande B, ule mlio wa kitufe, tak, na mimi naanza.

Siku alipopigwa risasi kule Johannesburg, tarehe 18 mwezi wa kumi 2007, habari ilitukuta kesho yake foleni ya mpakani Tunduma. Mlikuwa hamjawahi kuona. Foleni ya malori imelala mpaka huku, Watanzania, Wazambia, Wakongo, na kila mmoja akafungua mlango wa kabini akaweka Dube. Kila gari lilikuwa kwenye wimbo tofauti, ukitembea pembeni ya foleni unapita kwenye albamu zake zote, Slave, Prisoner, Victims. Hakuna aliyepanga. Nilitembea mwanzo mpaka mwisho nikarudi.

Ya pili Kisa cha Mpemba ya Twanga Pepeta, 1999, na ya tatu Fainali Uzeeni, 2001, hizi za nyumbani na mke wangu. Ya nne Loi ya Koffi Olomide, 1997. Ya tano Memeza ya Brenda Fassie ya 1997 hiyo hiyo, hiyo nilinunua Lusaka na nilipofika Mbeya jirani waliazima haikurudi mpaka Krismasi.

---

Mwana_wa_Soweto (Mbeya)

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya foleni nimeisoma mara tatu. Marehemu braza nae alikuwa na Prisoner, ipo kwenye katoni, kava haipo ila kaandika kwa biki nyekundu DUBE USIGUSE.

---

Ndaga_Tukuyu

Ndaga fijo kwa mada hii. Nimefikiria sana kama niandike au nisiandike.

Albamu yangu ya kwanza hamuwezi kuinunua popote kwasababu ipo moja tu duniani. Iko hivi. Mwaka 2001 kaka yangu alininunulia Simulizi la Ufasaha ya Gangwe Mobb, Inspekta Haroun na Luteni Karama, wale wa Temeke waliokuwa wanaita mtindo wao rap katuni. Nilikuwa darasa la sita. Niliipenda ile kanda jamani, nilikuwa nakariri mistari naenda kuchota maji huku naongea peke yangu kwa sauti mbili, ya Inspekta na ya Karama. Tukuyu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, siku nyingi hakuna kutoka nje, kwahiyo mimi na kanda yangu jikoni.

Mama alikuwa anaimba kwaya kanisani, Moravian, sauti ya pili. Walikuwa wanajiandaa na sherehe ya kwaya kwenye ushirika mwingine, mwalimu wao akasema kila mmoja atafute namna ya kujifunzia nyumbani. Mama akachukua redio kaseti yetu akaenda nayo mazoezini, na kanda aliyoichukua ni yangu. Wale wazee wenzangu mnajua kanda ya dukani ina vile vijino viwili vya mgongoni vimeshavunjwa ili mtu asirekodie juu yake. Mama alisokota karatasi ya daftari langu la hisabati akaziba vile vitundu. Alirudi jioni anafurahi. Nilipoweka kanda yangu, badala ya Gangwe nikakuta wamama wanakohoa, mwalimu anatoa sauti, do mi so do, kisha kwaya.

Nililia siku mbili. Mama aliniomba msamaha vizuri kabisa, sio kwa haraka, alinikalisha akaniambia sikujua kama ni kitu kikubwa hivi kwako, nitakununulia nyingine. Hakuwahi kupata hela ya nyingine na mimi sikumkumbusha.

Lakini sikilizeni. Mazoezi yalikuwa mafupi kuliko kanda. Kwaya inaimba wee, inafika mahali mama mmoja anasema tumalizie hapo mvua inakuja, unasikia kitufe, na hapo hapo katikati ya mstari Gangwe wanarudi kama walikuwa wanasubiri mlangoni. Nilibakiwa na wimbo mmoja na nusu upande A, upande B ulikuwa mzima. Nikaendelea kuisikiliza hivyo hivyo miaka yote. Tenzi, wamama, mvua inakuja, tak, rap katuni. Mtihani wa kaka hapo juu mimi unanifanyia kinyume, nikiwa kanisani tukimaliza ule wimbo kichwa changu kinaingiza Inspekta Haroun hapo hapo na mimi nimesimama na kitabu cha tenzi.

Mama alifariki 2013. Picha zake ninazo chache. Sauti yake ninayo kwenye ile kanda peke yake, na ukisikiliza kwenye beti la pili kuna mahali wenzie wanachelewa kuingia na yeye anaingia mwenyewe, neno moja, peke yake, ndio wengine wanafuata. Najua ni dakika ya ngapi.

Kwahiyo ndio namba moja. Namba mbili mpaka tano sina shida nazo, wekeni zozote.

Na mimi swali langu ni kama la kaka, kanda imeanza kulia, kuna mlio wa kukwaruza juu ya sauti na mahali pengine inafifia. Nifanye nini? Naogopa hata kuiweka sasa.

---

Binti_Kihesa (Iringa)

Dada pole sana na asante kwa kutuambia. Nimeacha kupika nimekaa.

Tafadhali usiicheze tena mpaka mtu anayejua aseme neno.

---

Fundi_Mafiati

Habari zenu. Mimi ni fundi redio hapa Mbeya, nilianza kujifunza Mwanjelwa sokoni kabla soko halijaungua 2006, kibanda cha bosi wangu kiliteketea na kanda za wateja mle ndani, kwahiyo mtu akiniambia ana kanda moja tu duniani mimi namuelewa.

Naanza na dada wa Tukuyu maana ya kwake haina ya pili. Dada usiiweke kwenye redio yoyote kwa sasa. Ule mkwaruzo mara nyingi unatoka kwenye redio yenyewe, hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, imejaa uchafu wa unga unaobanduka kwenye mikanda, na ile sauti kufifia inaweza kuwa hiyo hiyo au kisponji. Ukiangalia kanda katikati pale chini kuna kipande kidogo cha sponji juu ya kibati chembamba, kazi yake kuusukuma mkanda ugusane na hedi. Kikianguka au kikioza sauti inafifia inarudi, inafifia inarudi. Hicho kinabadilishwa, tunatoa kwenye kanda nyingine isiyo na maana. Redio unasafisha hedi kwa pamba na spiriti, unasubiri ikauke kabisa. Alafu usiirudishe nyuma kwa mashine, tumia biki, zungusha taratibu kwa mkono, mashine za zamani zinavuta kwa nguvu zinakata. Na kanda hiyo ikichezwa tena ichezwe mara moja tu, na siku hiyo hiyo iwe inaingizwa kwenye kompyuta kwa waya kutoka tundu la hedifoni. Usiirekodi kwa simu kutoka kwenye spika, utapata sauti ya chumba chako na magari. Ukipata nafasi ya kuja Mbeya nitaifanya mbele ya macho yako, hela sitaki.

Kaka wa Soweto wewe ya kwako ni rahisi. Kama kanda ina skrubu tano ndogo unafungua kwa bisibisi nyembamba, ila fungua ikiwa imelala mezani na upande wa juu ndio unyanyue, usiigeuze, vile vigurudumu viwili na karatasi laini vikidondoka utakaa mpaka usiku. Kama haina skrubu, imegundishwa, hiyo tunapasua na kuhamishia mkanda kwenye nyumba nyingine. Itafute ncha iliyoingia ndani. Zile ncha mbili zilizokatika huwa zimekunjamana, kata kidogo sana kwa mkasi, mshazari, zote mbili kwa pamoja zikiwa zimelaliana ili zikutane sawasawa. Kisha selotepu upande wa mgongo, ule unaong'aa, sio ule wa upande wa hedi. Selotepu isizidi upana wa mkanda hata kidogo maana mkanda wenyewe hauna hata milimita nne, ikizidi inagandana na mzunguko unaofuata. Watu wengi walikuwa wanatumia rangi ya kucha, inashika lakini inakuwa ngumu, ikipita kwenye hedi inaruka.

Kila unapokata unapoteza muziki. Sentimita tano ni kama sekunde moja. Kwahiyo kata kidogo.

Albamu yangu namba moja ni Funga Kazi, sina maelezo.

---

Ndaga_Tukuyu

Fundi Mungu akubariki. Nimeitoa kwenye droo nimeifunga na kitambaa. Jumamosi hii nashuka Mbeya na haisi ya asubuhi, nitakuja nayo mkononi, siiweki kwenye begi.

---

Mzee_wa_Tunduma

Binti jumamosi nami nitakuwa Mbeya nina mambo yangu. Nina deki ya Technics niliyoitoa Lusaka, inafanya kazi vizuri, haijawahi kula kanda ya mtu. Fundi nitakuletea, tumia hiyo kwa kanda ya mama yake.

---

Mwana_wa_Soweto (Mbeya)

Nawapa mrejesho. Nimefungua jana usiku, skrubu tano kweli, nimelaza mezani kama fundi alivyosema, mke wangu ameshika taa ya simu. Ncha ilikuwa imejificha chini ya gurudumu la kulia. Nimekata kidogo, nimekadiria sentimita tatu, mikono inatetemeka kama nashona jeraha. Nimeunga, nimefunga, nikaenda kwa jirani mwenye redio ya zamani ya National.

Imepiga. Palipoungwa ni katikati ya Ndio Mzee, mwanasiasa bado anaahidi, anafika pale sauti inaruka, silabi moja haipo. Mtoto wangu wa miaka tisa alikuwa amesimama mlangoni hajui hata kaseti ni nini, ikaja ile sehemu ya watu kuitikia, na mimi na jirani tukaitikia kwa sauti kubwa bila kuangaliana. Mara ya pili ilipokuja mtoto nae akaitikia.

Fundi na mimi jumamosi nakuja, nina hamsini na kitu. Ile ya DUBE USIGUSE nayo nitaibeba.